Mashine ya Kumnyamazisha Mzee Hiram

Kwa miaka miwili Mzee Hiram aliniambia maneno yaleyale kila Jumapili: "Mama Allan, besi yako iko chini." Aliyasema amefumba macho, kidole juu, na kwaya nzima ikigeuka kunitazama. Mimi, Eunice, fundi wa yunifomu za shule hapa Kitengela, mama wa watoto watatu, nilisimama pale na gitaa langu la besi nikikaza uzi ambao nilijua kabisa uko sawa.

Nina hasira za karibu, sikatai. Na kwa huyu mzee zilikuwa karibu zaidi, kwa sababu yeye ndiye kiongozi wa bendi ya kanisa, hupiga gitaa la solo, na hakuna aliyewahi kuthubutu kumwuliza kama la kwake nalo limekaa sawa.

Jumanne moja ya mwaka 2004, kwenye mazoezi, akaongeza jipya. Tulikuwa tumealikwa kuimba Jumapili kwenye mkutano wa injili Kajiado mjini. "Kajiado hatuendi kuaibika," akasema. "Naona besi tumpe Musau."

Musau ni mpiga ngoma wetu. Ni mtu mwema sana, lakini hata ngoma zenyewe humwogopa.

"Haiwezekani!" nikasema, na nadhani nilisikika mpaka stendi. "Kuna mashine ya kupima gitaa. Naenda kununua. Ikisema niko chini, Musau achukue besi hapohapo Kajiado. Ikisema niko sawa, wewe utaniomba msamaha mbele ya watu. Na kwa maikrofoni!"

"Kwa maikrofoni," Mzee Hiram akakubali, macho bado ameyafumba.

Alhamisi nikaingia dukani kwa Khalif na besi mgongoni. Khalif huuza kila kitu chenye waya: redio, pasi, chaja, spika. Upande wa pili wa duka mkewe Fosiya huuza vitambaa, nami ni mteja wake wa miaka.

"Khalif, niko na vita," nikamwambia. "Nipe tuner."

"Ya redio?"

"Ya gitaa."

Akapanda ngazi, akapekua juu ya rafu, akashuka na boksi tatu zenye vumbi. "Hizi zilikuja na mzigo wa Dubai. Mimi nilidhani ni za kupima betri."

Tukaiwasha ya kwanza. Nyuzi nyembamba iliziona, lakini nilipopiga ule mnene kabisa haikushtuka hata kidogo. Ilikuwa imetengenezwa kwa gitaa la kawaida, na sauti nzito za besi hazikuifikia. "Hii ni kiziwi," Fosiya akasema, na Khalif akairudisha kwenye boksi lake.

Ya pili ilikuwa nzuri jamani! Ndogo, ya fedha, inakaa kiganjani. Haina haja ya waya, ina maikrofoni yake ndani. Taa tatu: nyekundu kushoto maana yake uko chini, nyekundu kulia uko juu, na ya kijani katikati, uko sawa. Nikapiga uzi wa kwanza. Kijani! Nikapiga wa pili. Kijani! Wa tatu, wa nne, kijani, kijani! Kando kulikuwa na herufi ya kuonyesha ni sauti gani, lakini sikuiangalia. Mtu aliyeshinda kesi hasomi herufi.

Nilipiga vigelegele. Nilimkumbatia Fosiya, nikacheza katikati ya marobota ya vitambaa na besi ikiningʼinia, nikamwigiza Mzee Hiram na kidole chake mpaka Khalif akajifuta machozi. Miaka miwili! Nikaona tayari anaishika ile maikrofoni, anakohoa, anatafuta maneno.

"Mama Allan," Fosiya akasema. "Wewe umeacha kupiga."

"Eeh."

"Na bado iko kijani."

Nikaangalia. Kweli, mikono yangu yote miwili ilikuwa hewani, na taa ilikuwa inawaka tu. Tukanyamaza. Ndipo tukasikia kile ambacho watu wa mtaa ule hawakisikii tena kwa kukizoea: mashine ya Kisilu ya kusaga unga, mlango wa pili, ikinguruma sauti moja bila kupumzika. Mtu akamwaga mahindi ndani, mngurumo ukashuka, na taa ikaruka nyekundu. Mahindi yakaisha, mngurumo ukapanda, kijani.

Khalif akatoka mbio. "Kisilu! Zima kidogo! Dakika moja tu!" Mashine ikazimwa. Nikapiga uzi wa kwanza katika kile kimya. Nyekundu, kushoto.

"Imeharibika," nikasema.

Khalif akarudi ndani. Alifungua boksi la tatu, kitu kizito cheusi kisicho na urembo wowote, chenye tundu la kuchomeka waya wa gitaa. Kilikuwa kinasikia kile tu kinachopita kwenye waya. Kisilu aliwasha mashine yake tena, ikanguruma ilivyotaka, na kile kitu cheusi hakikuwaka. Nikachomeka besi. Uzi wa kwanza, chini. Wa pili, chini. Nyuzi zote nne zilikuwa chini, na si chini kidogo.

Niseme ukweli: niliumia. Nilikaa kwenye kiti cha wateja nikaikumbuka kila Jumapili, kila mara nilipomkazia macho yule mzee, kila mara nilipoenda nyumbani nikimsema huku nikikoroga sufuria. Halafu nikainuka, nikaichukua ile ndogo ya fedha. "Nifungie hii."

"Mama Allan," Khalif akasema taratibu, "lakini Kajiado Kisilu hayuko."

Fosiya ndiye aliyeanza kucheka. Mimi nikafuata, nikacheka mpaka nikalazimika kushika meza. Nikamrudishia ile ya fedha, nikachukua nyeusi, na hapohapo nikaanza kukaza nyuzi pole pole mpaka kijani ikawaka kwa zote nne. Kisha nikapiga wimbo mmoja. Mungu wangu! Ilikuwa besi ileile, vidole vilevile, na sikuwahi kujua kwamba inaweza kuimba vile. Nilipiga nyimbo tano, wateja wakajaa mlangoni, na Kisilu mwenyewe akaja na unga kwenye nyusi. Nilipotoka niliwaapisha Khalif na Fosiya wasimwambie mtu yeyote.

Jumapili Kajiado ilikuwa na watu, vumbi na jenereta inayopiga kelele. Mchungaji Kisemei, mwenyeji wetu, akawasalimia watu kwa Kimaasai, "Sopa!" na uwanja mzima ukajibu, "Epa!" Kisha Mzee Hiram akaniita mbele. Nikachomeka waya. Kijani, kijani, kijani, kijani. Jenereta ilipiga kelele zake na mashine haikujali.

Mzee Hiram akashika maikrofoni. Nilikuwa nimeingoja saa hiyo miaka miwili. "Huyu dada yetu," akasema, "nimemkosea mbele ya watu, na mbele ya watu nasema nisamehe, Mama Allan." Hakuweka "lakini" yoyote. Watu wakapiga makofi, na mimi nikaona haya mpaka masikio yakawaka moto. Nilijilazimisha kutabasamu.

"Na yangu ipimwe pia," akasema, akairudisha maikrofoni mahali pake. Akachomoa waya wangu, akachomeka gitaa lake. Mashine ilikuwa juu ya spika, nyuma yetu, na tuliokuwa tunaiona ni sisi wawili tu. Akapiga uzi wa kwanza. Nyekundu. Wa pili, nyekundu. Akapiga zote sita.

"Inasema nini?" Lucy wa sauti ya kwanza akauliza, na kwaya ikarefusha shingo.

Maneno nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeyapanga miaka miwili, nikayapiga pasi na kuyakunja. Nikamtazama Mzee Hiram. Kofia imekaa upande, macho safari hii wazi kabisa, na kidole chake kimebaki juu ya nyuzi. Alikuwa anangoja nimwaibishe.

Nikasogea karibu. "Yangu pia ilikuwa hivyo," nikamnongʼoneza. "Alhamisi, dukani. Nyuzi zote."

"Zote?"

"Zote nne. Chini kabisa. Ulikuwa unasema kweli."

"Miaka miwili?"

"Miwili, Mzee."

Kisha mabega yakaanza kumtikisika, akageuza uso kwenye spika, na nikajua anacheka. Nami kicheko kikanishika. Tulicheka tumeipa hadhira migongo, mzee na mama mzima, tukishikana mikono ya nguo tusianguke, na Mchungaji Kisemei akatangaza kwamba wanamuziki wameguswa na Roho.

"Mama Allan, inasema nini?" Lucy akauliza tena.

"Inasema mngoje kidogo," nikamjibu.

Mzee Hiram akavua gitaa lake begani, gitaa ambalo hata mkewe haruhusiwi kulipangusa vumbi, akaniwekea mikononi. "Nikazie," akasema.