Supu Iingie

Troli lilikuwa na gurudumu moja bovu. Bibiane aliliinua kidogo upande huo lisipige kelele, akasubiri nyuma ya milango ya ukumbi, mvuke wa supu ya boga ukimlowesha kidevu.

Ndani, Bwana Nidal, mhandisi wa maji kutoka mji mdogo wa Ukingo wa Magharibi, alikuwa akihutubia kwa Kifaransa cha polepole. Nyuma yake bango lilisifu ushirikiano wa Ulaya na Palestina katika utawala bora. Wakubwa walikuwa wameshasema. Yeye alikuwa wa mwisho.

"Tangi mlilotujengea lilivunjwa na tingatinga," alisema. "Mlituandikia kwamba mmesikitika. Kisha mkatuletea mkufunzi wa usimamizi wa maji. Tulimkaribisha vizuri. Maji hatukuwa nayo. Leo nimekuja na swali moja tu."

Florent, mratibu wa mkutano, alichungulia nje akamwinulia kidole Mwamba, msimamizi wa wahudumu. Katika ukumbi ule hakuna msemaji aliyewahi kuambiwa anyamaze. Akianza kuwakera wageni, milango ilifunguliwa, chakula kikaingia, watu wakainuka wenyewe.

"Bibi, ingiza supu," Mwamba alimnong'oneza Bibiane, akilifupisha jina lake kama kawaida.

"Tonton, ule papa anayesema hajamaliza," Bibiane alijibu.

"Supu nayo itapoa. Sukuma."

"Anataka kuuliza tu. Acha aulize."

"Alors, wewe njo umekuwa ministre?" Mwamba alicheka, kisha akamsogelea. "Jina yako nimeipeleka kwa patron, mukubwa wa kazi. Contrat ya kazi ya kudumu. Unataka mutoto wako afike huku ao hapana?"

Jémima, binti yake, alikuwa Bukavu, kwa shangazi yake. Ombi la kumleta Ulaya lilikuwa limeshakataliwa, kwa sababu mama yake alikuwa kibarua asiye na mkataba.

Bibiane alisukuma. Safari hii hakuliinua gurudumu. Lililia ukumbi mzima, kutoka mlangoni hadi chini ya jukwaa.

Nidal alikatizwa kabla ya kuuliza, mdomo ungali wazi. Akalitazama troli, kisha akamtazama yeye. Mtu mmoja akapiga makofi, na wote wakapiga.

"Ushuhuda wa kugusa moyo," Florent alisema kwenye kipaza sauti. "Bon appétit!"

Bibiane aligawa supu bila kuinua macho. Alimtambua Nidal kwa Kifaransa chake cha polepole.

"Asante, madame," Nidal alisema.

Bibiane alitaka kumuuliza swali lake lilikuwa lipi.

"Mkate?" aliuliza badala yake.

Wageni walipokuwa wakiaga, Bibiane alisimama jikoni mbele ya sinki. Chupa za maji za mezani zilikuwa zimerudi, nyingi zimenywewa funda moja. Zilizofunguliwa zilitakiwa kumwagwa. Alizigeuza mbili mbili.

Mlango ukafunguka. Nidal alikuwa akitafuta koti lake. Akaziona chupa.

"Yote?"

"Ndiyo, papa. Ni amri."

Nidal aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyezoea amri. Hakuondoka.

"Bibi!" Mwamba aliita kutoka koridoni, kwa Kiswahili ambacho Nidal hakukijua. "Patron amekubali! Siku ya lundi unasaini contrat! Utatununulia bière!"

"Habari njema?" Nidal aliuliza, akijaribu kutabasamu.

Bibiane alitikisa kichwa kukataa. Uso ulimwaka kwa aibu. Akachukua chupa nyingine, ambayo ilikuwa imefunguliwa kifuniko tu, haijanywewa hata funda, akaigeuza. Nidal alisimama pale, koti halijapatikana, akiyatazama maji mpaka yakaisha.