Ubao wa Moto Mkubwa

Mji mzima unamwita baba yangu Kiberiti, na tangu nizaliwe sijamwona akiwasha hata njiti moja. Jiko huwasha mama. Mama akisafiri, nawasha mimi. Sote tusipokuwepo, baba anakula mkate mkavu kwa maji, na ukimuuliza anasema hakuwa na njaa. Mama alishamtania mpaka akachoka. "Mwanamume mzima unaogopa njiti!" Baba hucheka na kugeuza mazungumzo.

Jina hilo alilipata miaka arobaini iliyopita, baada ya Moto Mkubwa. Msitu wa mlimani uliwaka siku sita. Nyumba za mtaa wa juu zikabaki majivu, na chemchemi zikakauka kwa miaka. Tumshukuru Mungu hakufa mtu. Tume ya uchunguzi ikapanda mlimani, ikatazama miti, ikashuka na jibu: moto ulianzia kwenye mti ambao baba alirina asali asubuhi ile. Hawakumfunga. Walimkataza msitu, na mji ukambandika jina.

Mimi ni mchora mabango. Saluni, maduka ya dawa, "Usikojoe Hapa", yote ni mkono wangu. Mwezi uliopita ofisi ya misitu iliniita. Walikuwa wanafungua chumba cha kumbukumbu na walitaka ubao mkubwa wa Moto Mkubwa, chanzo chake na madhara yake. Nikakubali kabla sijasoma karatasi. Kuja kuisoma, mstari wa kwanza: "Chanzo: uzembe wa mrina asali."

Nikairudisha mezani. "Hii sichori."

Ofisa wa misitu, ambaye sote tunamwita Bibi Misitu, hana hata mwaka hapa mjini. "Kwa nini, dada?"

"Huyo mrina asali ni baba yangu. Sikujifunza kushika brashi ili nimpake baba yangu matope."

Hakukasirika, na hilo liliniudhi zaidi. "Una ushahidi?"

Ushahidi sina, nina mdomo tu. Baba alishanieleza warina asali walivyokuwa wakifanya: ukimaliza kurina, unazika mwenge wako wa kufukuzia nyuki chini ya mti, unashindilia udongo, unaweka mawe matatu juu, ndipo unaonja asali. Lakini hayo ni maneno yake. Bibi Misitu akafungua jalada la tume na kunionyesha mchoro. Kila shina lilikuwa limetiwa weusi upande mmoja, upande uliotazama mti wa baba. Chini yake wameandika: upande ulioungua zaidi ndiko moto ulikotokea. Nikafyata mkia. Hata mimi ningeandika hivyo.

"Basi mstari huo nitauacha wazi."

"Tunafungua Jumamosi," akasema. "Ukiuacha wazi, nitamtafuta mwingine aujaze."

Jumatano nilikuwa mpakani mwa msitu nikiandika namba kwenye nguzo. Kazi ni kazi, hata ukiwa umenuna. Siku hiyo wafanyakazi wa misitu walikuwa wanachoma nyasi mapema, zikiwa bado na ubichi, ili kiangazi kikali kikija kisikute cha kuchoma. Kabla ya Moto Mkubwa uchomaji huo ulipigwa marufuku miaka mitatu mfululizo, na nyasi zikafika kimo cha mtu.

Moto mdogo ulitambaa ukisukumwa na upepo mpaka ukaufikia mti mmoja. Upande wa mbele, ulikotokea, uliugusa tu ukapita. Nyuma ya shina, pale upepo usipofika, ndimi zikajikusanya, zikapanda, zikakaa. Ulipozimika nikaenda kuuzunguka mti ule. Mbele, masizi yaliishia gotini. Nyuma palikuwa peusi tii hadi juu ya kichwa changu.

Nilimwita Bibi Misitu, aliyekuwa akisimamia uchomaji, kwa ukelele usiomfaa mtu wa umri wangu. Akaja mbio, akauzunguka mti ule, akauzunguka wa pili, na wa tatu.

"Hili nilifundishwa chuoni," akasema. Uso ulimshuka. "Kwenye jalada nilisoma maneno, mchoro sikuutazama vizuri. Dada, wale watu waliisoma miti kinyume. Moto ulikuwa unaelekea kwenye mti wa baba yako. Haukutoka huko."

Tukarudi ofisini, tukalaza rula juu ya mchoro na kufuata upande wa pili wa mashina. Mstari ulishuka hadi kwenye kiwanda cha mbao, ambacho sasa ni magofu. Kila mzee wa mjini anakumbuka lundo lake la unga wa mbao, lililokuwa likifuka moshi ndani kwa ndani kila kiangazi. Nililia pale pale, juu ya rula.

Jumamosi baba alikuja na koti lake la harusi. Akasimama mbele ya ubao, akasoma kwa kuchezesha midomo: "Chanzo: lundo la unga wa mbao kiwandani, upepo mkali, na nyasi za miaka mitatu zilizokatazwa kuchomwa mapema." Watu wakapiga makofi.

"Kiberiti!" rafiki yake fundi baiskeli akapaza sauti. "Sasa tukuite nani?"

"Niiteni hivyo hivyo, nimeshazoea."

Wakacheka, wakaenda kwenye soda. Baba hakubanduka. Nikamsogelea.

"Lakini baba, wewe si ulikuwa unajua? Mwenge uliuzika."

"Niliuzika. Mawe matatu." Hakunitazama. "Lakini wale walikuwa wasomi, mwanangu. Walinipeleka wakanionyesha miti. Tangu siku hiyo nahesabu yale mawe. Yalikuwa matatu, au mawili?"

Wiki nzima nilidhani ninagombana na mji tu.

Tulipofika nyumbani mama akaelekea jikoni kuchemsha chai. "Kaa," baba akamwambia, akachukua kiberiti rafuni. Njiti ya kwanza ilivunjika. Ya pili ikavunjika. Mama alijiziba mdomo kwa khanga. Ya tatu ikawaka, akaiangalia mpaka ikakaribia kumuunguza, kisha akaitia kwenye kuni. Alipotoa kipande kilichobaki alikitumbukiza kwenye kikombe cha maji, akakichungulia, akakitumbukiza tena.

Chai ilinuka moshi, na sukari aliisahau. Mama alikunywa vikombe viwili bila kusema neno, na mama si mtu wa kunyamaza.