Jasho la Mama Dawa

Jumanne moja, saa nne asubuhi, mfuaji alisimama kwenye mlango wa jikoni akiwa ameshika koti jeupe la kazini la Mama Dawa. Alikuwa ameigeuza kola ndani nje, anaikagua.

"Mama, hili ulilivaa kweli?"

"Nimelivaa wiki nzima."

"Mbona halina jasho? Wala blauzi hazina. Wala shuka."

Mama Dawa, aliyepewa jina hilo na majirani kwa kuwa duka la dawa la pale kona lilikuwa lake, aliweka kikombe chini akapitisha kiganja shingoni. Pakavu. Joto lilikuwa limeingia wiki ya sita, redio ilikuwa inawasihi watu wasitoke nje mchana, naye akajaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho alijifuta uso. Hakukumbuka.

"Nalitoa mimi," mfuaji alisema, kwa sauti ileile aliyotumia kusema sabuni imeisha. "Jasho lako, mama. Tangu joto lianze. Nilidhani unajua."

Akanyoosha mkono ili aonyeshe. Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye kiwiko, na lilinukia losheni ya limau ambayo Mama Dawa alijipaka kila asubuhi na ambayo mfuaji hakuwahi kuigusa.

"Na kule unakofua Jumatano?"

"Kule analitoa mlinzi. Mimi ni wako tu."

Mama Dawa alikuwa mwanamke msomi, na alijua jasho humpoza anayelitoa. Hili lilikuwa linampoza asiyelitoa. Siku hiyohiyo alivuka barabara kwenda kwa daktari wa zahanati, mtu waliyefahamiana miaka mingi. Daktari akampima presha, akasikiliza moyo, akatabasamu.

"Hali yako ni nzuri kuliko mwaka jana. Wagonjwa wangu wengi wa mtaa huu wako hivyohivyo. Endelea."

"Na anayelitoa?"

"Ana kadi hapa?"

"Hana."

"Basi huyo si mgonjwa wangu," daktari alisema, bila ubaya wowote, akaita anayefuata.

Ijumaa, siku nyingine ya kufua, Mama Dawa alileta nyumbani pakiti tatu za dawa ya kuongeza maji mwilini. Dukani zilikuwamo boksi mbili nzima, lakini alichagua zile zilizobakiza mwezi mmoja kuisha muda. Mfuaji alizipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, na Mama Dawa akageuka kutazama friji.

Alijua mfuaji anaishi wapi. Aliwahi kumpeleka mara moja kwa gari, siku ya mvua. Kilikuwa chumba kimoja cha bati lisilo na dari, dirisha moja linaloangalia ukuta wa jirani, na watoto wawili. Bomba lilitoa maji siku mbili kwa wiki, ndoo zikapangwa foleni tangu alfajiri. Alifikiria kumwambia awe anafulia ndani, kwenye bafu la wageni, ambako kiyoyozi cha sebuleni kingemfikia. Kisha akafikiria vigae vyake, na mambo yakaishia hapo.

Lakini usingizi ulimkataa. Jumapili, binti yake alipokuwa ametoka, alizima viyoyozi vyote, akavaa sweta, akaenda kukaa uani juani kwenye kiti cha plastiki. Alikaa tangu saa saba mpaka saa tisa. Alitaka jasho lake limrudie kama mtoto aliyepotea njia. Halikuja hata tone. Hata hivyo alipoingia ndani alijisikia mtu mwema, akakata tikiti maji akala kwa furaha.

Jumanne mfuaji aliingia ameshika ukuta. Midomo ilikuwa imempasuka.

"Mama, Jumapili mchana ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikaa juani kidogo."

"Kidogo?" Mfuaji aliketi kwenye ngazi. "Mimi nilikuwa nimelala. Nimeamka godoro limelowa chapachapa, mapigo yanakwenda mbio. Nimekunywa maji yote, mpaka ya watoto."

"Nilitaka nilitoe mwenyewe. Nikupumzishe."

"Asante, mama. Ila ukitaka kunisaidia, kaa ndani."

Kuanzia siku hiyo Mama Dawa akakaa ndani. Aliweka kiyoyozi cha tatu chumbani kwake, akaacha kwenda sokoni, akamwambia shoga yake kwenye simu kwamba anafanya hivyo kwa ajili ya mfuaji wake. Shoga yake akasema ana moyo wa pekee. Mama Dawa akakata simu mapema. Hakupenda jinsi starehe ilivyokubali kuitwa huruma, wala jinsi jina hilo lilivyomkaa vizuri.

Mwezi huo binti yake alikuwa anahitimu chuo. Mfuaji ndiye aliyenyoosha gauni la mama, na alipokuwa anapitisha pasi kwenye mikunjo akauliza:

"Hayo mahafali ni ukumbini?"

"Uwanjani."

Pasi ikasimama.

"Saa ngapi mpaka saa ngapi?"

"Saa tatu mpaka saa nane. Nitabeba mwavuli."

Mfuaji alihesabu kwa vidole, midomo ikicheza.

"Haya, mama. Nitakunywa maji mapema." Akaendelea kunyoosha. "Mpe binti hongera zangu."

Angeweza kusema asiende. Mama Dawa alingoja aseme, ili apate la kumkatalia. Hakusema.

Jumamosi ya mahafali, uwanjani walikataza miavuli, kwa sababu ilikuwa inawaziba walioketi nyuma. Jukwaa zima la wazazi lilikuwa kavu. Suti nyeusi, vilemba, mashati ya mikono mirefu, na hakuna paji la uso lililong'aa. Watu walisifia maandalizi. Ng'ambo ya ukuta, wachuuzi wa maua walikuwa wamelowa kama waliotolewa mtoni.

Majina yalisomwa kwa mpangilio wa herufi, na la binti yake lilikuwa karibu na mwisho. Kwenye saa saba na nusu, Mama Dawa alihisi kitu kinamtembea kwenye kipaji cha uso. Akakigusa. Kilikuwa tone. Likafuata la pili, halafu mgongo wote ukalowa kwa mkupuo.

Alijua maana yake, tena alijua kwa undani. Alikuwa amesimama nyuma ya kaunta miaka ishirini, akiwaeleza watu kwamba mwenye joto kali akiacha kutoka jasho, si nafuu, ni hatari, akimbizwe hospitali. Simu ilikuwa mkobani. Akaitoa, akaishika. Jukwaani walikuwa wamebakiza majina kumi na manne.

Bibi aliyeketi pembeni yake aliona jasho, akajisogeza kidogo, kwa adabu. Mama Dawa akajifuta haraka kwa kitambaa, kama mtu anayeficha doa, akairudisha simu mkobani. Jina la binti lilipotajwa alisimama akapiga vigelegele. Picha zilitoka nzuri sana.

Alimpigia mfuaji simu saa kumi, wakiwa hotelini. Haikupokelewa.

Jumapili alitoka jasho kutwa, na viyoyozi vitatu vikiwa vinaunguruma. Jumatatu vilevile. Jumanne saa mbili geti liligongwa, akamkuta mwanamke mgeni, kijana kidogo kuliko mfuaji, uso uleule.

"Shikamoo, mama. Mimi ni mdogo wake. Dada amelazwa."

"Marahaba. Ana nini?"

"Walimkuta Jumamosi ameanguka pale nje bombani. Wanasema ni figo. Kaongea leo asubuhi, kasema niwahi kwako nguo zisilale."

Mama Dawa aliuliza wodi, akaiandika nyuma ya risiti. Alifungua kinywa amwambie huyu dada mdogo arudi nyumbani, akae karibu na mgonjwa, asiguse hata soksi. Gauni la asubuhi lilikuwa limemganda mgongoni.

"Ndoo ziko nyuma," alisema.

Alisimama dirishani akamwangalia. Yule mwanamke alijaza maji, akafunga khanga vizuri kiunoni, akaanza na shuka. Kwenye shuka la pili alijipangusa kipaji cha uso kwa mkono. Kwenye la tatu alijipangusa tena, na gauni la Mama Dawa likaachana na mgongo, taratibu, likakauka.

"Kumbe kwenu huku kuna joto hivi, mama!" mdogo mtu alisema kutoka uani, akicheka.

"Ndiyo," Mama Dawa alisema, akafunga dirisha ili ubaridi usitoke.