Mashine Iko Chumbani kwa Mama

Mashine ya kufulia ya nyumba hii iko chumbani kwa mama mkwe wangu, kati ya kitanda chake na dirisha, pale lilipokuwa kabati la marehemu baba mkwe. Ukitaka kufua soksi, unabisha hodi. Ukitaka kufua shuka ulilolalia na mume wako, unabisha hodi, unasubiri uitikiwe, halafu unaingia na shuka lako mkononi mbele ya mwanamke aliyemzaa huyo mume. Huu ni mwaka wangu wa pili hapa na hodi ile bado hainitoki vizuri mdomoni.

Kwetu mashine ilikuwa jikoni. Ilikaa chini ya meza ya kukatia mboga, ikanguruma huku mama yangu anapika, na hakuna aliyeijali zaidi ya kapu la vitunguu lililokuwa juu yake. Kila mtu alitupia nguo zake. Ila nguo za ndani, na mambo ya wanawake, kila mmoja alifua yake kwa mkono bafuni, akaanika anapopajua mwenyewe. Nililelewa na mama yangu mpaka siku ya kuolewa na sijui nguo zake za ndani zilikuwa za rangi gani. Nilipoyasimulia haya hapa, bado bibi harusi, nikidhani napiga soga tu, mama mkwe aliweka kikombe chake chini.

"Jikoni," alisema. "Soksi na sufuria."

"Hazigusani, Mama."

"Hewa inagusana."

Mashine yenyewe aliinunua wifi yangu anayeishi ng'ambo. Huko ghorofa yao nzima inafulia chumba kimoja cha chini, kwa zamu, leo wewe kesho jirani. Mama mkwe alikwenda kumtembelea akarudi na picha za kila kitu, hadi za ndege wa bustanini, isipokuwa chumba hicho. Nguo zake zizunguke pale alipozungushia zake mtu asiyemjua? Mpaka leo akilitaja jambo hilo hukunja pua. Basi mashine ilipofika hapa, wabebaji wakauliza jikoni ni wapi, akawaongoza moja kwa moja hadi chumbani kwake, maana bafu lake liko humo humo na mpira wa maji unafika.

Mimi nina maneno yangu kuhusu hizi mashine, na sijaona bado mtu wa kunipinga. Jirani yetu ameiweka yake sebuleni, juu ana kitambaa cha kufuma na picha ya harusi, kwa sababu anataka wageni waione. Daktari ninayemfanyia kazi mapokezi ameijengea kizimba cha chuma barazani, kwa sababu anaogopa wezi. Kwetu ilikaa jikoni kwa sababu bomba lilikuwa jikoni. Mama mkwe ameiweka chumbani ili ajue. Hilo nalisema bila kupepesa macho.

Jumamosi asubuhi tunapeleka makapu, na yeye anayamwaga kitandani kwake kimoja baada ya kingine. Huyo mama hachambui nguo, anazisoma. Anajua mume wangu alichomelea bila aproni, kwa vitundu vya cheche kwenye shati. Mume wangu ni fundi wa mageti na nondo za madirisha, na kila mtu humwita Fundi, hata mama yake, hata mimi. Anajua nani kalia, nani kala njiani, nani kajipaka manukato mapya. "Wiki hii hamkugombana," aliniambia siku moja akiwa ameshika foronya zetu. Kweli hatukugombana. Nilitamani ardhi inimeze.

Lakini hayo yote ni madogo. Kubwa ni taulo.

Nilipoletwa hapa, alinikabidhi taulo la zambarau iliyokoza. "Godoro lenu ni jipya," alisema. "Ukiingia kwenye siku zako, tandika hili chini. Ukimaliza uniletee." Kila mwanamke wa nyumba hii amepewa lake, hata wifi aliondoka na lake kwenye sanduku. Na kila mwezi nililipeleka, nimelikunja mara nne, nikaliweka chini kabisa kwenye kapu kana kwamba hataliona. Alilichomoa la kwanza. Alilitazama, akanitazama, akalitia kwenye mashine.

"Bado," alisema.

Neno hilo moja, basi. Hakulisema kwa ubaya, angelisema kwa ubaya ningepata pa kushika. Alilisema kama mtu aliyechungulia dirishani kuona kama mgeni amefika. Nikaanza kuichukia Jumamosi kuanzia Alhamisi.

Ndipo mimi na Fundi tukatafuta vyumba. Tulivipata upande wa pili wa soko, viwili, na jiko dogo lenye bomba chini ya meza. Nilipoliona bomba lile nilicheka peke yangu, mwenye nyumba akadhani nina kasoro. Tulikubaliana tuhame baada ya miezi miwili. Fundi aliniahidi kwamba atamwambia mama yake "ikifika". Nyie mnaojua wanaume wa mama zao mnajua ikifika maana yake nini.

Nikajisemea, maadamu naondoka, huyu mama hatanisomea tena taulo. Mwezi huo nilinunua beseni, nikalifua taulo bafuni mwetu, maji yakitiririka ili asisikie, nikalianika kwenye mgongo wa kiti nyuma ya kabati. Lilinuka uvundo kidogo, halikupata jua. Sikujali. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe nilikuwa na kitu changu. Jumamosi nilipeleka kapu bila taulo, akalimwaga, akapapasa, akainua macho. Hakusema bado. Nami, mjinga niliyehitimu, nikajipongeza. Mwezi uliofuata nikafanya vile vile.

Jumapili moja tulikuwa mezani. Simu iliegemezwa kwenye jagi la maji, wifi yangu yumo ndani amevaa sweta. Mama mkwe alinawa mikono taratibu, akaikausha, akasema Mungu amekumbuka nyumba hii.

"Miezi miwili sijaona taulo," alisema. "Nilinyamaza ya kwanza. Ya pili sinyamazi."

Wifi alianza kulia humo humo kwenye simu. Fundi aligeuka kunitazama, na uso wake ulikuwa umefunguka kiasi ambacho sijawahi kuuona, hata siku ya harusi.

"Mama, hapana," nilisema. "Sina."

Mama mkwe alitabasamu, akanipapasa mkono. "Mimba changa haitangazwi, mwanangu. Hata mimi huyu nilimkana mpaka tumbo likanisema."

"Siyo hivyo, Mama. Kweli sina."

"Ndivyo nilivyosema mimi, neno kwa neno."

Nikaona nimefungiwa. Kila nilipokana, ndivyo nilivyozidi kuwa nayo. Kabla sahani hazijaondolewa, jirani wa kitambaa cha kufuma alikuwa ameshapata habari, maana wifi alimpigia.

Chumbani nilimweleza Fundi yote, beseni, uvundo, kiti nyuma ya kabati. Kesho yake nilirudi na kipimo cha mimba kutoka kazini, nikapima, nikamwonyesha mstari ukiwa mmoja. Alikaa kitandani akakishika kipimo kile kwa muda, kama vile akikigeuza upande wa pili kutakuwa na jibu lingine. Nilimhurumia. Nami pia nilikuwa nimeanza kukiona kitoto chenyewe, nisidanganye, japo nilijua hakipo.

"Na vyumba?" nilimuuliza.

"Mama anasema mjamzito hahamishwi."

"Fundi. Mimi si mjamzito."

"Najua." Akasugua magoti yake. "Lakini yeye hajui. Akijua, tunahama. Mwenye nyumba nitamwomba asubiri hadi Jumamosi."

"Basi mwambie."

"Jambo hili ni la wanawake, mke wangu. Mwambie wewe. Mimi nitakuwa karibu, nitakuunga mkono."

Huyu ni mtu anayekunja nondo kwa mikono. Wiki hiyo nilijaribu kumwambia mama mkwe mara chungu nzima. Asubuhi ninapotoka alinipokonya mkoba anibebee mpaka getini. Jioni alinipa kiti chake. Aliacha kunituma hata chumvi. Nilipofungua mdomo alinijibu kabla sijasema, kwamba hofu ni ya kawaida, kwamba yuko nami. Nawaapia, haijawahi kutokea mtu kunipenda kiasi kile, na nilikuwa nashindwa kupumua.

Ijumaa siku zangu zilianza. Sijawahi kuzifurahia kama siku ile. Nikatandika taulo la zambarau, na asubuhi ya Jumamosi sikulikunja mara nne. Nililiweka juu ya kapu, wazi, nikachukua na lile beseni, nikaenda kubisha hodi. Yaani nilikuwa nimehangaika miezi miwili kumficha mama huyu kitu kimoja duniani, na sasa nakipeleka kwake kama barua ya kuachiliwa kutoka jela. Fundi nilimwacha koridoni, ameegemea ukuta, ameniahidi.

"Karibu, mwanangu. Si nilisema kapu lako nitalifuata mwenyewe?"

Akaliona.

Hakuligusa kwanza. Aliketi kwenye ukingo wa kitanda. Nikadhani sasa amejua. Nikapiga magoti mbele yake, nikaanza haraka haraka kabla hajanikatiza: kwamba mimba haikuwepo kamwe, kwamba miezi ile nilifua mwenyewe kwa mkono kwenye beseni hili, nikaanika nyuma ya kabati, kwamba nilikuwa nimechoka kuambiwa bado, anisamehe. Nilisema yote. Sikubakiza hata neno.

Alinisikiliza, machozi yanamtoka bila sauti. Kisha akalitazama beseni.

"Nilikuacha ubebe maji," alisema.

"Mama, hukunielewa."

"Mjamzito anainama bafuni na beseni la maji, na mimi nimelala hapa na mashine." Akajipiga paja. "Nimeiua mwenyewe."

"Hakuna kilichokufa. Haikuwepo. Mimi nilikuwa naingia kwenye siku zangu kama kawaida, kila mwezi."

Hapo alinitazama sawasawa, na nitakula kiapo kwamba kwa kitambo kidogo alinielewa. Niliona jambo linamfikia. Kwamba alitangaza mjukuu mbele ya binti yake, jirani na mtaa mzima, kwa sababu ya taulo lililokuwa limeanikwa kwenye kiti. Niliona anavyolipima hilo, na anavyoupima msiba, na nikaona ameuchukua msiba. Kwenye msiba watu huja kuketi nawe. Akanikumbatia, kichwa changu kikazama kifuani kwake, kwenye harufu ya sabuni ya unga.

"Usijikaze hivyo," alininong'oneza. "Lia."

"Fundi," niliita. "Njoo umwambie Mama."

Aliingia. Alisimama kati ya mlango na mashine, mikono yake mikubwa hana pa kuiweka. Alimwona mama yake analia. Sijui kama aliwahi kumwona analia tangu mazishi ya baba. Nilimtazama usoni na kumwachia nafasi. Alichotakiwa kusema ni kifupi kuliko jina langu.

"Pole, mke wangu," alisema.

Mama mkwe alitandika shuka safi upande wa pili wa kitanda chake, ule aliokuwa akilalia marehemu, akanilaza, akanifunika hadi shingoni. Alisema nitakaa humu ndani kwake mpaka nipate nguvu, na nikipata nguvu nitakaa humu mpaka nishike mimba nyingine, ili safari hii asipitwe na kitu. Beseni alimpa Fundi akalitupe. Taulo alilitia kwenye mashine peke yake, bila nguo nyingine, akapima sabuni kwa kifuniko, akafunga kile kimlango cha kioo kikalia tak.

Kutoka koridoni nilimsikia Fundi kwenye simu anazungumza na mwenye vyumba. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya heshima, ya mtu mwenye msiba. "Hapana, kaka. Wape wengine tu. Tumepata matatizo."

Mashine ilianza kuvuta maji. Kutoka pale kitandani unaliona taulo likizunguka, linapanda, linaanguka. Mama mkwe alivuta kiti akaketi kati yangu na mlango, akanishika mkono.

"Lala," alisema. "Likikauka nitakuwekea hapa hapa, kwenye droo yangu."