Dakika Kumi na Mbili

"Dakika kumi na mbili," Meneja alisoma, kwa sauti ya hakimu anayetoa hukumu. "Mara nne kwa siku! Kompyuta imewashwa, mwenyewe hayupo. Huyu ndiye Chiriku wenu. Sasa jamani, huku ndiko kufanyia kazi nyumbani mnakokutetea?"

Nyuso thelathini za wapokea simu wa kampuni ya maji zilimtazama kutoka kwenye skrini, kila moja katika kijisanduku chake.

Chiriku alihisi masikio yakiwaka moto. Wenzake walimpa jina hilo kwa sababu ya ulimi wake: mteja angepiga simu akitukana bomba kavu na ukoo mzima wa kampuni, naye angemtuliza mpaka akate simu akicheka. Hatua mbili kutoka mezani pake alilala mama yake, aliyepigwa na kiharusi mwaka juzi. Muuguzi alishasema: kila baada ya saa mbili ageuzwe, la sivyo mgongo utaoza kwa vidonda. Kumgeuza, kumfuta, kubadilisha shuka, kuweka mto katikati ya magoti. Dakika kumi na mbili, tena siku ambayo mama hana maumivu. Ili kuzifidia, Chiriku alianza kazi kabla ya wenzake kuamka, na chakula cha mchana alikisahau zamani. Lakini kile kidude ambacho kampuni ilikitia kwenye kompyuta zao kuwachunga kilijua kuhesabu kitu kimoja tu: mkono uliotulia.

"Kuanzia Jumatatu, wote ofisini," Meneja aliendelea. "Siku zote tano. Asiyeweza aandike barua ya kuacha kazi. Kazi ni pale mtu anapoonekana."

Nyuma ya kichwa chake lilionekana jokofu, na taulo limetundikwa mlangoni. Nyani haoni kundule!

"Samahani, Meneja," Chiriku alisema. "Wewe uko wapi sasa hivi?"

Mtu alikohoa kuficha kicheko.

"Mimi leo... namsubiri fundi bomba."

"Na mimi nina mama. Mwezi uliopita nani alipokea simu nyingi kuliko wote? Lisome na hilo."

"Dada, hapa hatuzungumzii wingi. Tunazungumzia utaratibu."

Utaratibu! Miaka mitatu amewabebea kampuni yao kwa koo lake, leo anaanikwa mbele ya watu kama mwizi wa kuku. Machozi ya hasira yalimjia, akayameza.

Ilikuwa saa nane kamili. Mama aliguna. Siku nyingine Chiriku angezima kamera na kunyata kama anayekwenda kuiba. Leo alivua visikilizi, akavichomoa ili sauti zisikike chumbani.

"Mama, kuna watu wa kazini. Niwaonyeshe?"

Mama alitikisa kichwa kukubali. Chiriku akamvutia shuka hadi kifuani, akamrekebishia kitambaa cha kichwa, ndipo akaigeuza kompyuta ielekee kitandani.

"Karibuni," mama alisema. Neno lilitoka likiburuta mguu, lakini lilitoka.

Kisha, mmoja mmoja, wakaanza. Shikamoo mama. Shikamoo. Shikamoo. Mama alimwitikia kila mmoja, bila haraka, mpaka akabaki mmoja.

"Shi... shikamoo, mama," Meneja alisema.

"Marahaba, baba. Na wewe unafanya kazi na mwanangu?"

"Ndiyo, mama."

"Anafanya vizuri?"

Meneja alitazama pembeni, kana kwamba fundi amebisha hodi.

"Vizuri sana, mama," alisema hatimaye. Kisha akakohoa, sauti yake ikarudia ukavu wake. "Lakini Jumatatu ni ileile. Chiriku, umenisikia? Nahitaji jibu lako sasa hivi."

Alikuwa amemsikia. Alikuwa amepiga goti kitandani, mikono yote miwili imepita chini ya mabega ya mama, na uzito wote wa mama ukianza kumwegemea kifuani. "Dakika kumi na mbili, Meneja," alisema, "kisha nitakujibu."