Kinyago cha Paa Letu

Diela, binti wa kaka yangu, alirudi kutoka shule mdomo umepasuka.

"Nani kakupiga?"

"Téa wa darasani. Anasema sisi wasaliti. Eti habari yenyewe imo kwenye katuni, shangazi."

Akanipa kitabu. Mwalimu wao alikileta kutoka Numea, mji mkuu wa kisiwa chetu, ili wajifunze jinsi Wafaransa walivyolitwaa bonde letu, na watoto walikipenda hata mpira wakausahau. Nikafungua. Askari wanapanda mlima gizani, wakiongozwa na mtu wa hapahapa, mpaka kwenye pango walimojificha wanawake na watoto wa ukoo wa Wedu. Mtu huyo hakupewa jina. Lakini nyuma yake imechorwa nyumba yake, na juu ya paa kinyago chenye nyuso mbili. Kha! Kwetu kinyago cha paa ndilo jina lenyewe. Hata asiyejua kusoma anakisoma. Cha nyuso mbili bonde zima kipo kimoja tu, nacho ni chetu.

Na sisi ni watu wa kupokewa. Hao Wedu ndio waliotupa ardhi, zamani za babu yake baba. Siku wakikuchoka hawakufukuzi kwa maneno. Wanaacha tu kukuletea kiazi kikuu cha kwanza cha mavuno. Mwaka huu hakikuja.

Nilipandwa na mori. Nikamvamia mwalimu darasani, watoto wakitazama.

"We binti, unatufukuzisha!"

Maskini, akadondosha chaki. "Mama, nisamehe. Mchoraji ni mtu wa mjini. Alikiona kinyago chenu cha zamani kwenye jumba la makumbusho, kikampendeza, basi. Hakujua ni cha nani."

"Jumamosi utayasema hayo mbele ya Wedu wote."

"Nitasema, mama."

Wedu wakakubali kutusikiliza. Mkubwa wao, Poindi, hata akanitania: "Dada, kwa ukali huo Wafaransa wangerudi kwao." Nikacheka. Yeye hakucheka.

Akabaki baba. Yeye ndiye mkubwa wa ukoo, ndiye wa kusimama na kitambaa na viazi vikuu vya heshima mkononi, aseme mbele ya wafu wao kwamba si sisi. Akidanganya hapo, wafu wanachukua mtoto wa ukoo wetu. Hilo kwetu halina mzaha.

Ijumaa nikampelekea kitabu, anakunywa chai. Nilingoja atukane. Akaupapasa ule ukurasa wa kinyago kwa kidole.

"Nani kamwambia?"

"Baba, mchoraji kakosea tu."

"Nani kamwambia, Kaapo? Babu alituapisha tufe na siri hiyo."

Nikakaa chini. Nje Diela alikuwa akipangusa viazi vya kesho huku akiimba.

"Nikisimama nikakana," baba akasema, "wafu watamchukua huyo."

"Na usiposimama?"

Akakifunga kitabu. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

"Mwambie aache viazi," akasema. "Afungashe nguo zake, nasi zetu."