Gauni Zima

Fundi hakumwamini yule afande tangu alipomwona akitabasamu. Polisi anayetabasamu, alijisemea moyoni, ama amekuzidi ujanja ama keshalipwa. Na huyu alikuwa msichana tu, kucha safi, sauti ya taratibu, aliwavutia viti, akafunga mlango, akamwambia Kitinda, "Karibu dada. Ukichoka tutapumzika." Ebo! Kituo cha polisi kimekuwa sebule ya shangazi tangu lini?

Kitinda alikuwa binti wa mwisho wa Fundi, mama mshona nguo, na ndiye aliyekuja kushtaki. Aliuza katika duka la vitambaa la Bwana Mita, aliyebandikwa jina hilo kwa kuwa mita yake ilikuwa fupi kuliko mita za watu wengine. Jana jioni, wenzake walipokwisha kuondoka, Bwana Mita alimwita stoo ampangie majora ya vitambaa, akafunga mlango, akambaka. Na kazi ile aliyemtafutia ni Fundi mwenyewe. Alimshika Bwana Mita mkono akamwambia, "Mtunze huyu kama wako." Maneno hayo sasa yalimkwama kooni kama mwiba wa samaki.

Hospitali walikwisha kwenda. Sasa afande alikuwa akiuliza, na kila swali lilimzidishia Fundi wasiwasi.

"Alipofunga mlango ulimwambia nini?"

"Nilimwambia nataka kwenda nyumbani," Kitinda akajibu.

"Yeye akasemaje?"

"Akasema nisijifanye mtoto. Mwili ukafa ganzi. Aliponiamuru nifungue vifungo, nikafungua. Sauti haikutoka, afande. Machozi tu."

"Kuna wakati wowote ulimwonyesha kwamba umekubali?"

"Hapana."

Afande akaandika. Fundi akangoja. Haya, lile swali lenyewe liko wapi? Mbona haulizi kama alipiga kelele? Mbona haulizi alimkwaruza wapi, nguo imechanika wapi? Fundi aliyajua maswali ya polisi. Hakusahau hata moja. Afande asiyeuliza hayo hataki kesi iende popote. Bwana Mita ana marafiki mji mzima, na mwenye kisu kikali ndiye mla nyama.

"Gauni alilovaa jana liko wapi?" afande akauliza mwishoni.

"Nyumbani," Fundi akajibu, jicho la pembeni.

"Lileteni mchana huu huu. Lisifuliwe, lisiguswe, litieni kwenye mfuko wa karatasi."

Nyumbani Kitinda alijilaza, akageukia ukutani. Fundi akaketi kwenye cherehani yake, akalitandaza gauni mapajani. Alilishona yeye mwenyewe, la bluu, vifungo mbele toka juu hadi chini. Alilikagua kama anavyokagua kazi ya mwanafunzi. Limekunjamana, basi. Kifungo hakijalegea, uzi haujakatika. Hasira zikampanda. Hakimu gani atalitazama gauni hili amwamini mwanangu?

Akalishika begani, akavuta. Wapi! Alikuwa ameshona mara mbili, na kwa mara ya kwanza maishani alijilaani kwa kushona vizuri. Akachukua wembe, akakata nyuzi mbili tatu, akavuta tena. Krrr! Bega likaachia mpaka kwapani. Alikaa nalo muda, akihema, huku mikono ikiendelea na mambo yake kama inavyofanya kutwa nzima. Kisha akalitia kwenye mfuko wa karatasi, akaenda kumwamsha Kitinda.

Kituoni, afande alivaa glavu, akalitandaza gauni juu ya karatasi nyeupe. Tabasamu lake likatoweka.

"Dada, umeniambia ulifungua vifungo mwenyewe."

"Ndiyo."

"Na huu mpasuko?"

Kitinda akalitazama gauni kama la mtu mwingine. "Halikuchanika," akasema. "Yeye hakulichana, wala mimi sikulichana. Nilipolivua lilikuwa zima."

Afande akainama, akasogeza taa. "Nyuzi hapa zimefungwa vifundo. Mbakaji gani huyu, anachana nguo halafu anafunga nyuzi zisifumuke?"

Fundi akatazama. Vifundo vyake. Hakukumbuka kuvifunga. Kitambaa kikiachia, mkono wake hufunga uzi, hauombi ruhusa.

"Mnajua wakili wa yule bwana atasema nini?" afande akauliza. Sasa sauti ilikuwa kavu. "Atasema kama gauni ni la uongo, na mengine yote ni ya uongo. Kesi nzima itafia hapo. Nani kaligusa?"

Alikuwa akimtazama Kitinda. Fundi aliiona shaka ile, aliijua, aliwahi kutazamwa hivyo hivyo. Akinyamaza, itabaki pale pale juu ya mwanawe.

"Ni mimi," akasema. "Mtoto hajui kitu. Nimelichana mimi, kwa akili zangu timamu, kama ninazo."

"Mama!" Kitinda akaruka.

"Kwa nini?" afande akauliza.

"Kwa sababu wewe huulizi! Huulizi kelele, huulizi majeraha, umekaa tu, amekubali, hakukubali. Nikajua tumbo lako limeshajazwa."

Afande hakukasirika. Aliweka kalamu chini. "Maswali unayoyataka ni ya sheria ya zamani, mama. Ile ilitaka nguvu: mwanamume atumie nguvu, na mwanamke aonyeshe alivyopambana. Hana jeraha, hana kesi. Imebadilishwa. Sasa kubaka ni kumwingilia mtu asiyeridhia. Kuganda kwa hofu si kuridhia. Kunyamaza si kuridhia."

"Hata mume?" Fundi akauliza, bado kwa shaka.

"Hata mume. Zamani alikuwa ameachwa nje ya sheria. Sasa yumo."

"Mh."

"Gauni hili lilikuwa linasema neno lile lile alilosema mwanao. Ukaja kulitia maneno mengine mdomoni." Afande akavuta pumzi. "Nitaandika kama ulivyosema. Utaitwa mahakamani, na wakili hatakuonea huruma."

"Aniulize mpaka achoke."

"Lakini lazima niandike na sababu. Nani alikufundisha kwamba nguo isipochanika mtu haaminiwi?"

Fundi akageuka kuutazama mlango. Ulikuwa umefungwa. Alianza kusema akiwa bado anautazama.

"Nilikuwa na umri wa huyu. Nilikuja kituoni na marehemu mama. Afande wa siku hizo akaligeuza gauni langu mbele, nyuma, akawaita wenzake walione. Zima. Wakacheka. Mama hakunena kitu njia nzima, mpaka tulipofika mlangoni kwetu akaniambia, 'Si ungelichana hata kidogo, mwanangu.'"

Kitinda alikuwa amekua akimcheka mama yake: anayejaribu kitasa mara tatu, anayenusa chai ya ugenini kabla hajainywa, asiyeketi akiupa mlango mgongo. Hakuwahi kuuliza. Sasa akavuta kiti mpaka magoti yao yakagusana.

"Mama," akasema. "Wewe uliridhia?"

Fundi aliyakumbuka maswali yote ya siku ile, na hilo halikuwamo.

"Sikuridhia," akasema. "Sikuridhia, mwanangu."

Afande hakugusa kalamu. Alisubiri mpaka walipomaliza kulia.